Siku Tano za Salwa

Jumamosi, 16 Novemba 2024

Tarehe 22 Aprili mwakani nitatimiza miaka hamsini, Mungu akipenda na magoti yakiniruhusu. Nimenunua daftari hili gumu ili niandike maandalizi ya safari. Wanafunzi wangu wakijua watacheka: Madamu Arafa, anayekagua madaftari ya watu tangu chaki zilipokuwa zinakohoza, leo ana la kwake.

Safari yenyewe ni hii. Miaka ishirini na sita nimefundisha jiografia hapa Dodoma, na kila mwaka nimechora mto Rhine ubaoni. Siku hizi nauchora bila kutazama kitabu. Unateremka kutoka milima ya Uswisi, unapinda pale Basel, unapanda kaskazini kupita Cologne, unaingia baharini Rotterdam. Nimewaeleza maelfu ya watoto jinsi matishari yanavyopishana mle, haya na makaa, yale na mafuta. Sijawahi kuuona. Mto ninaoujua kwa miguu yangu ni korongo la hapa Nkuhungu, ambalo miezi minane kwa mwaka ni njia ya mbuzi.

Basi nataka siku kumi, miji mitatu, na treni ya kufuata maji. Nimechanga mwenyewe miaka sita, na habari za pesa haziingii humu. Daftari hili ni la furaha.

Jana kwenye chakula nikamwambia mume wangu. Swalihu alikuwa na mfupa wa mbuzi mdomoni.

"Baba Lulu, nataka hamsini yangu inikute Ulaya, na nataka wewe uwe pembeni yangu."

Akautoa mfupa, akautazama, akasema, "Twende."

Neno moja tu. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa nimejifunza kwamba Swalihu akisema neno moja amehutubia. Ni mtu mpole, hana makelele, na wanawake wenzangu wenye waume wa kufoka wananionea wivu. Nilifurahi hadi nikamwongezea nyama.

Tatizo ni moja tu, lina jina, na linakaa Msalato.

Jumatatu, 18 Novemba

Vumbi. Nimesahihisha madaftari tisini. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba Rhine humwaga maji yake Ziwa Victoria. Nimempa nusu maksi kwa ujasiri.

Jumapili, 24 Novemba

Tatizo limekuja lenyewe, limevaa abaya jipya.

Salwa ni mke wa pili wa Swalihu, huu mwaka wa kumi na moja. Ana miaka thelathini na tisa na nyumba mpya karibu na uwanja mpya wa ndege. Mume wetu ana duka la vifaa vya ujenzi, na analala kwangu siku mbili, kwake siku mbili, bila kukosa. Zamu hiyo ndiyo katiba yetu. Hata akiugua anaugua kwa zamu: alipovunjika kidole cha mguu, plasta ilifungwa ikiwa siku yangu na ikakatwa ikiwa siku ya Salwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

Akakaa ukingoni mwa kochi, kama mtu anayeogopa kuambukizwa uzee.

"Nasikia mnakwenda Ulaya."

"Inshallah."

"Siku kumi."

"Kumi."

"Na tano kati ya hizo ni zangu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mwalimu mzima, kugawa kumi kwa mbili kumenipita!

"Salwa, ni mara moja katika maisha. Ni hamsini."

"Hongera. Lakini hamsini ni yako, siku ni zangu. Akienda Morogoro kufuata mzigo akachelewa, akirudi ananilipa. Na mimi sijawahi kuchukua siku yako hata moja, dada. Kama nimewahi, nikumbushe."

Nikatafuta kichwani. Sikupata, na hilo liliniudhi kuliko maneno yake.

"Kwani huwezi kwenda na rafiki yako yule mwalimu?" akauliza.

Alimaanisha Evodia, anayefundisha baiolojia chumba cha pili kutoka changu. "Kwani nimeolewa na Evodia?"

"Haya. Ila ukifika huko usiwatajie umri. Watakuuliza mbona umechelewa."

Akanywa chai yangu hadi tone la mwisho, akaosha kikombe, akaaga vizuri. Mtu mwenye adabu akikuchukia, huna hata pa kumshika.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua ya kwanza, dakika ishirini. Mbuzi wamehama korongo. Swalihu yuko Msalato.

Jumapili, 8 Desemba

Leo kimekaa kikao, na sijakaa kikao kibaya kama hiki tangu mwaka ule walimu tuligombania ufunguo wa choo.

Tulikutana kwa Ami Harithi, baba mdogo wa Swalihu, kule mjini kwenye nyumba yao ya zamani. Ami ana miaka sabini na nane na ndiye aliyetufungisha ndoa mimi na Swalihu. Akatusikiliza wote, kisha akasema njia ni mbili. Ama Salwa atoe siku zake kwa moyo mweupe, ama ipigwe kura, maana mume mwenye wake wawili akisafiri na mmoja, kura ndiyo inayochagua.

"Ami," nikasema, "safari ni yangu. Nimeipanga mimi, nauli yangu, miaka yangu. Tuipigie kura kama kiti cha udiwani?"

"Safari ni yako, mwanangu. Mume ni wenu."

Nikamgeukia Swalihu. Alikuwa anamenya chungwa, ganda linatoka refu bila kukatika. "Baba Lulu, sema basi."

"Mtakavyokubaliana nitafuata."

Ami akamuuliza Salwa kama anatoa. Salwa akajibu, "Moyo wangu, Ami, uko kwenye kura."

Vikaandikwa vikaratasi viwili, vikatiwa kwenye kikombe cha kahawa. Ami akafumba macho, akachomoa, akampa Swalihu asome. Swalihu akasoma, akanywea kitini.

"Salwa."

Salwa akacheka, si kwa sauti kubwa, lakini akacheka. "Mimi baridi siitaki, nikafanye nini huko? Ila kwa siku hizo kumi mume ni wangu. Anayemtaka aje tuzungumze."

Hapo nikasema neno. Sitaliandika lote. Lilihusu nyumba ya vyumba vinne na ukimya uliomo, na Salwa hana mtoto. Lilinitoka kama kikohozi. Ami akashusha kichwa. Salwa alibaki amenitazama, macho makavu kabisa, akachukua mkoba wake akatoka.

Na Swalihu? Swalihu alikuwa anatafuna chungwa. Hakunikemea, wala hakumfuata mkewe. Njiani kurudi nilijiambia ni upole wake, hataki kuongeza moto. Nimejiambia hivyo mara tatu, na ya tatu haikuingia vizuri.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeona aibu mchana kutwa. Kwa mtu wa umbo langu ni aibu nyingi.

Ijumaa, 20 Desemba

Lulu, binti yangu, anafanya kazi wizarani na anajua kompyuta kama mimi ninavyojua chaki. Ameniwekea hoteli tatu. "Chumba kimoja kila mji, mama? Kitanda kikubwa?"

"Kikubwa. Baba yako anajigeuza kama samaki."

"Mnagombania mzee mwenye kitambi," akasema bila kuinua macho. "Mngegombania hata mwenye nywele."

Jumapili, 5 Januari 2025

Nimekwenda Msalato kujadiliana. Nimevaa viatu vya kubana ili niwe na sababu ya kukunja uso.

Kwanza nikamwomba Salwa radhi kwa lile neno. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sijalisahau na silisamehe," akasema. "Lakini hilo ni la mimi na wewe. Siku ni siku. Nitamwachia aende."

"Kwa nini?"

"Kwa Ramadhani. Kumi la kwanza lote liwe langu, kuanzia futari ya kwanza. Na Idi Mosi."

"Salwa! Siku zangu tano za mfungo, na Idi juu?"

"Na zitangulie. Nyie wenye pasi za kusafiria mkishapanda ndege hamkamatiki."

Futari ya kwanza kwetu watu wa mjini si jambo dogo. Mtaa mzima unajua mume amefungulia nyumba gani. Nilitaka kukataa. Kichwani nikajiona mimi na Swalihu tumesimama juu ya daraja, na yale matishari yanapita chini yetu, nami namweleza kila kitu kwa sauti ya darasani hadi anachoka. Nikakubali.

Jioni nilipomweleza Swalihu, alisema, "Sawa." Nilingoja neno la pili. Halikuja.

Jumanne, 14 Januari

Shule imefunguliwa, mvua imefungwa. Mahindi ya jirani yamejikunja kama masikio ya mbwa.

Jumapili, 9 Februari

Lulu amempa baba yake fomu za viza wajaze pamoja. Swalihu amezipeleka dukani, amejaza mwenyewe na karani wake. Nikamuuliza kama amekwama popote. "Hapana." Nikasema niipitie. "Nimeshaifunga." Na kweli aliifunga, bahasha imebandikwa gundi kama barua ya posa.

Jumanne, 18 Februari

Salwa ameniletea ndoo ya zabibu za shamba la Hombolo. Juu zimepangwa nyeusi, zimeiva. Chini zote kijani. Nimekula moja ya chini, jicho la kushoto likafumba lenyewe. Evodia amesema anazitaka kwa jaribio la asidi na wanafunzi wa kidato cha pili.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia, na mvua nayo, kubwa, ya kung'oa mabati. Malipo yameanza. Nimepika futari ya watu watatu kwa mazoea, tukala wawili, mimi na Lulu. Jirani akapita kuchungulia, akaona kiti kitupu, akasema "Mashallah" kwa sauti isiyo na mashallah ndani yake.

Evodia, Mkristo wa Kanisa Katoliki na mlaji wa kuaminika, akaja akakalia kile kiti akamaliza fungu la Swalihu.

"Arafa, nikuulize kama mtu wa baiolojia," akasema na kaimati mdomoni. "Huyo mume unayemnunua kwa Ramadhani nzima, yeye ametoa nini?"

"Ametoa 'twende'."

"Basi umeuziwa ghali."

Nilimwambia ale anyamaze. Alikula.

Alhamisi, 6 Machi

Swalihu amepiga simu kutoka Msalato kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi. Nikamwambia. Nikamuuliza wamefuturu nini jana. "Vizuri."

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi jana na treni ya jioni kutoka Dar. Leo sikwenda shule. Nitaandika pole pole, kama ninavyowaambia wanafunzi: kwanza tukio, kisha sababu, kisha matokeo.

Tukio. Jana asubuhi mimi na Swalihu tulikuwa kwenye ofisi ya kupokea maombi ya viza. Tumefunga, kuna joto, nimevaa baibui la sherehe kama mtu anayekwenda kuposwa na Ulaya nzima. Tukaitwa dirishani pamoja. Binti wa pale amebandika jina kifuani: Jenifa. Mpole, ana meno mazuri. Akasoma fomu yangu, akatabasamu. Akasoma ya Swalihu, tabasamu likapungua. Akarudia yangu.

"Mama, samahani. Huyu baba ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Baba, huyu mama ni nani wako?"

Swalihu akatazama dari. "Ni... mtu wa nyumbani."

Nilidhani ni swaumu. Nikamgeukia nicheke naye. Hakuwa anacheka.

Jenifa akashusha sauti, lakini kioo kile kina kipaza sauti. Ukumbi mzima ulisikia.

"Kwenye sehemu ya mke hapa umeandika Salwa, na cheti cha ndoa umeambatanisha. Kwenye mtu unayesafiri naye umeandika Arafa. Uhusiano, umeandika ndugu."

"Ndiyo," akasema Swalihu.

"Na hoteli zote tatu mmeweka chumba kimoja." Akafunua karatasi, maskini, alitamani isingekuwepo. "Kitanda kimoja."

Nyuma yetu kulikuwa na mzee mwenye kofia. Nikamsikia, "Astaghfirullah! Na mfungo huu!"

Mimi nalipwa na serikali kwa ajili ya kusema. Nimenyamazisha mabweni, na mkaguzi wa elimu kutoka makao makuu nimemnyamazisha. Jana sikupata hata herufi. Jenifa akasema maombi mawili yanayopingana hawezi kuyapokea hivyo, tukae kwanza pale kwenye benchi tuelewane.

Sababu. Naiandika kama ilivyosemwa.

"Ndugu, Swalihu?"

"Fomu ina mstari mmoja wa mke."

"Ukachagua."

"Sikuchagua. Wanataka na cheti. Nilicho nacho ni cha Salwa. Chetu kililiwa na mchwa."

"Mwaka gani?"

"Si unajua, elfu mbili na tatu."

"Na Salwa ulimwoa elfu mbili na kumi na tatu, ukaenda ofisini ukakata cheti. Ulikuwa umesimama pale pale, Swalihu, kwenye dirisha lile lile. Hukukumbuka kwamba nyumbani una mke mwingine ambaye karatasi yake iko tumboni kwa mdudu?"

"Salwa alisema hakanyagi kwangu bila cheti."

"Na mimi?"

Akafikiri. Nampa haki yake, alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Wewe hukusema."

Hilo tu. Mimi niliyemsemea miaka ishirini na saba, niliyetafsiri kila 'sawa' yake na 'vizuri' yake kuwa mapenzi marefu, nilikuwa sijasema. Nikamkumbuka Salwa ukingoni mwa kochi langu, anadai mbele ya macho yangu kilicho chake. Sikumpenda zaidi. Lakini nilimwona.

Matokeo. Niliinuka nikarudi dirishani.

"Jenifa mwanangu, nikimtoa huyu kwenye yangu, yangu inaendelea?"

"Inaendelea, mama. Ubadilishe hoteli, uandike unasafiri peke yako. Nitakungoja hadi saa sita."

Nikampigia Lulu. Hakuuliza swali hata moja, na nilisikia vidole vyake vinapiga kompyuta kama mvua ya mawe. Nikaenda stationari ya jirani nikachapisha upya kila kitu. Kwenye hali ya ndoa niliandika nimeolewa, maana nimeolewa, mbele ya Mungu na mbele ya sufuria nne za pilau. Pa cheti nikaambatanisha maelezo kwa mkono wangu: kililiwa na mchwa. Jenifa alisoma, akabana midomo, akagonga muhuri.

Swalihu alikuwa amesimama nyuma yangu na bahasha yake. "Na mimi?"

"Wewe, ndugu yangu," nikamwambia, "nisubiri nje."

Kwenye treni tulikaa viti viwili vya jirani. Magharibi ilipoingia nikampa tende tatu kwa sababu nilikuwa nazo sita.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Korongo linavuma. Swalihu yuko kwangu, ni siku yangu. Tumezungumza kuhusu chumvi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi Mosi. Yuko Msalato kama tulivyopatana. Deni nimelimaliza kulipa, na bidhaa sina.

Mchana Ami Harithi amekuja kunipa mkono wa Idi, akitembea na fimbo kwenye matope. Habari zimemfikia. Akakaa, akakataa pilau mara mbili, dalili mbaya.

"Mwanangu, ile karatasi ya ndoa yenu niliiandika kwa mkono wangu. Nikampa Swalihu siku ile ile nikamwambia, kesho ipeleke ikasajiliwe. Mwaka uliofuata nikamuuliza. Akaniambia 'nitapeleka'."

"Na mchwa, Ami?"

"Mchwa walikuja miaka sita baadaye."

Akala pilau baada ya hapo, sahani mbili. Alikuwa ametua mzigo. Mzigo sasa uko kwangu, lakini alikuwa mgeni.

Alhamisi, 3 Aprili

Viza imetoka. Yangu. Evodia amepiga vigelegele hadi stafu nzima ikatoka ofisini, mkuu wa shule akidhani nyoka. Siku tano nimepewa ruhusa, nyingine ni sikukuu za Pasaka na mwisho wa wiki.

Jumatano, 9 Aprili

Mtu wa neno moja ameanza sentensi. Kumbe alikuwa nazo, amezihifadhi.

"Huwezi kwenda peke yako, watu dukani wananiuliza."

"Waambie ndugu yako amesafiri."

"Tungoje mwakani, Mama Lulu, twende wote, nitapanga mimi."

"Mwakani nina hamsini na moja. Hiyo haina sherehe."

Akasimama. Sijamwona Swalihu akisimama katikati ya chakula tangu tuoane. "Mimi sijakuruhusu. Mke hasafiri bila ruhusa ya mumewe."

Lulu akaweka kijiko chini. Mimi nilikuwa na bamia mkononi, nikaimalizia kwanza.

"Mke yupi, Baba Lulu? Wa ruhusa zako ana cheti. Mpelekee huko."

Alitoka akafunga mlango kwa kishindo, na mlango wetu ulivyovimba kwa mvua, haukufungika. Akarudi kuusukuma. Ukakataa tena. Zamani ningekwenda kumsaidia.

Jumamosi, 12 Aprili

Shemeji wawili na shangazi mmoja wamenipigia kunisihi. Shangazi amesema Ulaya kuna upepo unaingia mifupani. Nimemwambia mifupa yangu ina ulinzi wa kutosha.

Jumatano, 16 Aprili

Kesho asubuhi napanda treni, keshokutwa ndege. Sanduku liko mlangoni.

Leo ni siku ya Salwa. Saa kumi jioni nikasikia gari, nikadhani ni Lulu. Ni Swalihu. Miaka kumi na moja hajawahi kukanyaga kwangu siku ya Salwa, hata mama yake alipofariki alipiga simu. Amesimama barazani, matope hadi kwenye soksi, ana bahasha.

"Nimekata fomu ya kusajili ndoa yetu. Ami ameshatia sahihi, mashahidi wawili wameshatia. Imebaki yako."

Nikaichukua. Jina langu limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, si wa karani. Kwenye sehemu ya mke. Nilikuwa nimengoja karatasi hiyo bila kujua naingoja.

"Asante," nikasema. "Nitaisaini nikirudi, nikiwa na akili zilizotulia."

"Hapana, saini sasa." Akanipa kalamu. Amekuja nayo. "Ukishasaini mambo yamekaa sawa. Utakuwa mke wangu kwa karatasi, nami nitakuruhusu kwenda kwa roho safi. Au utaahirisha, tutaona."

Nikamtazama. Ana kitambi, ana mvi masikioni, ana uso ule ule mpole niliousoma kama kitabu, na kumbe maandishi yote nilikuwa naandika mimi.

"Na nisiposaini?"

Akaisogeza kalamu karibu yangu zaidi.

"Maana naona hivi, Baba Lulu. Nisiposaini, ruhusa yako siihitaji. Si ndiyo hesabu yako mwenyewe?"

"Arafa, usinifanyie hivyo."

Hajaniita kwa jina langu tangu Lulu azaliwe.

"Leo siku ya nani?" nikamuuliza.

"Ya Salwa."

"Basi unaiba. Rudi."

Nilitamani afoke, au alie, au aniambie tu, twende. Akasema, "Sawa," akaingia ndani ya gari.

Haikupita nusu saa Salwa akapiga. Bila shikamoo.

"Umemfukuza?"

"Nimekurudishia. Siku ni yako."

"Amekaa hapa sebuleni kama gunia. Na hizo kumi?"

"Zote zako. Tano zako na tano zangu."

"Sikukuomba zako."

"Najua. Ungeomba, ningekataa."

Nilisikia maji yanatiririka kwenye mabati ya Msalato.

"Kumi mfululizo nyingi, dada. Anakoroma."

"Najua."

"Ukirudi zamu inaanzia wapi?"

"Hilo, mdogo wangu, sijaliamua. Litakufikia kama lilivyokufikia la Ulaya."

Akakata bila kuaga. Kwa nukta moja hivi nilikaribia kumpenda. Ikapita.

Fomu nimeiweka mezani, haina sahihi. Lulu ameiona, amepita nayo mbali kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Kalamu ya Swalihu nimeitia mkobani, inaandika vizuri.

Jioni hii hoteli ya Basel wameandika kuuliza: wanaona sasa mgeni ni mmoja, je, taulo moja itatosha? Nimewajibu waweke mbili. Mgeni ni mmoja, lakini ni mkubwa.